Mkono wa mama

Rafiki yangu mpendwa,

Pole sana kwa kuuguza. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama kweli hizi gemu za kawaida wanazocheza watoto zinaweza kumsaidia mama baada ya kiharusi. Zinaweza, ila si kwa namna zinavyosifiwa.

Nilipomuuguza baba tulitumia Wii Sports, gemu iliyotoka na Wii, mashine ya kampuni ya Nintendo, mwaka 2006. Yeye alipenda mchezo wa kuvingirisha tufe na kuangusha pini kwenye skrini. Unabana kitufe cha nyuma ya rimoti, unarusha mkono, kisha unakiachia. Kubana hakukumshinda. Kuachia ndiko kulikomtoa jasho, maana kidole kilishajikunja na hakisikii amri. Siku ya kwanza tufe halikutoka kabisa. Akanyamaza, akajaribu tena. Wiki ya pili nikaona kile kidole kikifunguka, polepole mno, na tufe likaenda! Kwenye mazoezi ya kawaida alikuwa akihesabu ili amalize, hapa hakuhesabu.

Lakini usinunue mashine ukidhani ina dawa ndani. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Lancet Neurology lilitoa utafiti wa wagonjwa 141 waliokuwa wamepata kiharusi karibuni. Juu ya tiba yao ya kawaida, baadhi walicheza Wii, wengine karata, domino na michezo ya namna hiyo: vikao 10 vya saa moja kwa wiki mbili. Pande zote zilipata nafuu, na Wii haikuzidi. Mimi habari hiyo ilinifariji. Naamini kazi inafanywa na mkono unaorudia kitu ambacho mwenyewe anakitaka.

Kwa hiyo muulize mama anapenda nini. Kama ni karata, anzeni leo. Kama ni gemu, mwonyesheni kwanza mtaalamu wake wa viungo, maana zimetengenezewa watu wenye afya njema na zina kasi. Akae kwenye kiti imara, kamba ya rimoti ifungwe kwenye kifundo cha mkono, na bega likiuma aache hapo hapo.

Na tafadhali, usicheze kwa niaba yake hata akichelewa. Siku moja nilimpokonya baba rimoti ili nimsaidie. Hakuigusa tena kwa siku mbili.

Msalimie sana. Niandikie uniambie amechagua nini.

Wako daima