Propela ni ile ile, mbona bei ya kelele iko juu?

Kazi yetu ni kuhesabu mtiririko wa hewa kwa kompyuta. Wiki iliyopita mteja alituandikia kwa hasira, akisema tumemwibia. Alikuwa amelipia hesabu ya msukumo wa propela ya droni yake na akaridhika nayo. Alipoomba na ya kelele, ankara ikawa kubwa mara kadhaa kuliko ile ya kwanza. "Propela ni ile ile, faili ni lile lile, kompyuta ni zile zile." Si wa kwanza kutuambia hivyo, na lawama hii inatuuma, kwa hiyo tunaijibu hapa.

Msukumo tunaupata kwa mkato halali. Propela hatuizungushi kabisa. Tunaigandisha mahali pamoja, tunahesabu mtiririko kana kwamba tumekaa juu ya propela na kuzunguka nayo, halafu tunaiacha kompyuta itafute hali moja iliyotulia. Kama hewa inaingia safi na hakuna kitu karibu, msukumo na nguvu inayoliwa na mota hutoka vizuri, na kazi hukamilika kwa usiku mmoja.

Kelele ni mabadiliko ya shinikizo la hewa, tena mabadiliko madogo mno. Desibeli 60 ni paskali 0.02 tu, ndani ya angahewa yenye paskali 101,325. Kosa ambalo kwenye msukumo hata hulioni, kwenye kelele linaimeza sauti yote. Ndiyo maana meshi inayoizunguka propela, yaani ule wavu wa seli ndogo ndogo tunaoigawia hewa ili kompyuta iihesabu, lazima izunguke kweli. Sisi huizungusha nusu digrii kwa kila hatua, yaani hatua 720 kwa mzunguko mmoja, na mizunguko ya mwanzo yote tunaitupa kwa sababu mtiririko haujakaa sawa. Kisha shinikizo lililorekodiwa juu ya mapanga (yale mabawa ya propela) tunalipitisha kwenye mlinganyo wa Ffowcs Williams na Hawkings wa mwaka 1969, ambao unaifikisha sauti pale maikrofoni ilipo.

Halafu kuna meshi yenyewe. Ukizikata seli nusu kwa urefu, upana na kimo, zinakuwa mara 8. Hatua ya muda nayo inabidi ikatwe nusu, kwa hiyo kazi inafika mara 16. Na hatumpi mteja namba kabla ya kuipima kwenye meshi tatu za ukubwa tofauti na kuona kwamba imeacha kuyumba. Fedha inaishia huko, siyo kwenye zile picha za rangi.

Sasa huo mkato unaopendwa. Kuna watakaokutolea kelele kutoka kwenye ile propela iliyogandishwa, na tukiwa wakweli, propela ikiwa peke yake kwenye hewa safi utapata mlio wa msingi: mapanga mawili kwa mizunguko 6,000 kwa dakika hutoa hezi 200. Lakini droni ina mikono inayobeba mota na propela. Kila panga linapopita juu ya mkono linapigwa na badiliko la ghafla la hewa, na hapo ndipo inapozaliwa ile milio ya juu inayokera sikio. Propela iliyogandishwa inauona mkono ukiwa upande mmoja tu, basi.

Tuliwahi kupokea watu waliotengeneza moldi za mapanga mapya mara mbili, wakifuata hesabu za namna hiyo, na droni ikaendelea kulia vile vile. Tulipoihesabu propela pamoja na mkono, panga halikuwa na kosa lolote. Kilichotakiwa ni kuiinua propela iwe mbali kidogo na mkono. Moldi mbili zilikuwa zimeshalipiwa.

Mwingine alirudi kutushutumu kwamba milio ya juu aliyopima inazidi tuliyomwandikia. Tukamuuliza amepimia wapi. Chumbani, milango imefungwa! Hewa iliyosukumwa ilikuwa inagonga ukuta na kurudi, propela ikawa inameza msukosuko wake yenyewe, jambo ambalo huiongeza milio hiyo. Tukamwomba asikilize sekunde za mwanzo tu za rekodi, kabla hewa haijarudi. Namba zikakaribiana na zetu.

Na mtuletee faili la usanifu, siyo skani ya panga. Skani huufanya ukingo wa nyuma kuwa mnene na ule wa mbele kuwa na vinundu, na siku nzima hupotea tukivisafisha. Ule mvumo wa "shhh" usio na noti moja nao haumo kwenye bei hii. Unahitaji meshi nzito zaidi, na huwa tunalisema kabla hatujaanza.

Mteja wa wiki iliyopita tumemwandikia haya yote. Tumemwomba faili la droni nzima, mikono ikiwemo, na matokeo ya msukumo aliyokwisha kuyalipia tutayatumia kama mwanzo wa hesabu, asilipe mara mbili.