Waulizeni pia waliosindikiza abiria wa MV Bukoba

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia tarehe 21 Mei, gazeti lako, kama vilivyo vyombo vingi vya habari nchini, huwaomba wasomaji waeleze walikuwa wapi siku ilipozama meli ya MV Bukoba katika Ziwa Victoria mwaka 1996. Majibu huja kwa wingi: mmoja alikuwa darasani, mwingine shambani, mwingine alikuwa ndani ya basi, dereva akaongeza sauti ya redio na abiria wote wakanyamaza. Nimeyasoma kwa miaka mingi na sina nia ya kuyabeza, kwa kuwa mtu anayeeleza alikokuwa siku ile huwa anaeleza pia kwamba msiba ule ulimhusu, hata kama hakuwa na ndugu melini. Ninachoomba ni kwamba safari hii liongezwe swali la pili, lielekezwe kwa watu wa Kagera na Mwanza hasa: ulimsindikiza nani, na ulikuwa ukimsubiri nani?

Sababu ya ombi langu ni orodha ya abiria. Meli iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuongeza abiria na mizigo, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 21, ikapinduka ikiwa imekwisha kuukaribia mji wa Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilionyesha abiria 443, na daraja la tatu, ambalo nauli yake ilikuwa nafuu na ambamo kwa hiyo walisafiri wasio na uwezo, halikuwa na orodha kabisa. Ndiyo maana idadi ya waliokufa imebaki kuwa ya makadirio mpaka leo: inayotajwa mara nyingi ni 894, lakini wapo wanaosema walipita 1,000, na hakuna anayeweza kumkatalia mwenzake kwa karatasi. Serikali ya Rais Benjamin Mkapa ilitangaza siku tatu za maombolezo, ikaunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga, na baadhi ya maofisa wa Shirika la Reli, lililokuwa likiendesha meli za ziwani wakati huo, wakafikishwa mahakamani. Hayo yote yalihusu hali ya chombo na nani awajibike. Majina ambayo hayakuandikwa gatini hayakuweza kupatikana mahakamani, na hayamo hata Igoma, walikozikwa wengi ambao miili yao haikutambuliwa.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kumbukumbu za siku ile hazina uzito mmoja. Aliyekuwa darasani Iringa akituambia alikuwa darasani, tunapata habari zake yeye. Aliyekuwa amesimama kwenye gati la Kemondo jioni ya tarehe 20, akamwona shangazi yake akipanda na mtoto mgongoni na mikungu ya ndizi ikipakiwa nyuma yake, huyo ana habari ambayo hakuna ofisi iliyokuwa nayo. Yeye ndiye orodha ya daraja la tatu. Vivyo hivyo aliyekwenda bandarini Mwanza asubuhi kumpokea mtu ambaye hakufika. Hawa ndio ambao kwa nadra huandika gazetini, labda kwa sababu swali la kawaida haliwagusi: ukimwuliza mama aliyepoteza watoto wawili kwamba alikuwa wapi aliposikia habari, umemwuliza jambo dogo kuliko analolijua.

Inafaa nitaje hapa jambo moja ambalo wengi wamelisahau. Miongoni mwa waliokufa melini alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, aliyekuwa mmoja wa viongozi wakuu wa al-Qaida, akisafiri kwa jina lisilo lake. Wenzake walilazimika kuja mpaka ziwani kuulizia kama kweli alikuwamo. Kundi lile lililokuja kulipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998 lilimtafuta mtu wake kwa bidii, likapata jibu. Ni jambo la kuudhi kwamba wao walijishughulisha kuuliza kuhusu mtu mmoja, ilhali sisi hatujawahi kukaa chini kama taifa tukawauliza jamaa wa mamia ya watu wetu, mmoja baada ya mwingine.

Najua litakalosemwa dhidi ya pendekezo hili, yaani kwamba kumbukumbu za karibu miaka thelathini haziaminiki. Ni hoja nzito, na haifai kupuuzwa. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, wanasaikolojia Ulric Neisser na Nicole Harsch wa Chuo Kikuu cha Emory waliwataka wanafunzi waandike asubuhi iliyofuata jinsi walivyopata habari: walikuwa wapi, na nani, wakifanya nini. Baada ya zaidi ya miaka miwili wakawauliza tena baadhi ya wanafunzi hao. Robo nzima ya walioulizwa tena walikosea kila jambo kuu, na wengi waliokosea walikuwa na uhakika mkubwa wa walichokisema. Hata walipoonyeshwa karatasi walizoziandika kwa mikono yao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikuwarudia. Uhakika wa msimuliaji, basi, si kipimo cha ukweli wa simulizi. Nyumbani kwetu mimi na dada yangu mkubwa hatujapatana mpaka leo: yeye anashikilia kwamba habari za MV Bukoba tulizisikia redioni, nami nashikilia kwamba tuliletewa na jirani, na kila mmoja wetu yu tayari kuapa.

Tatizo hilo huonekana pia katika majibu mnayoyachapisha. Meli ilipopinduka ilibaki ikielea tumbo juu kwa saa kadhaa, na walionaswa ndani walisikika wakigonga. Bodi ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imewaweka hai ikatoka, na meli ikazama. Simulizi hiyo imerudiwa mara nyingi, kwa maneno na kwa picha, kiasi kwamba sasa wapo wanaoeleza jinsi walivyousikia ule mgongo wa meli ukigongwa, na ukiwadadisi alikokuwa kila mmoja, utakuta walikuwa Dodoma. Siwaiti waongo. Msiba mkubwa husimuliwa mpaka msikilizaji akajiona alikuwapo.

Lakini angalia kwamba kinachopotea kwa urahisi ni yale mazingira: saa, chumba, nani alisema kwanza. Mzazi anaweza kukosea saa aliyofika gatini na asikosee ni mtoto gani aliyempandisha melini. Tena jambo la namna hiyo linaweza kupimwa, tofauti na habari za nani alikuwa amekaa wapi redio ilipotangaza. Mtu aliyetajwa kuwa abiria ama alirudi ama hakurudi. Alikuwa na majirani, na mara nyingi alikuwa na shule, kanisa, msikiti au kijiji ambacho jina lake limeandikwa mahali na baadaye likakoma. Watu wawili wa ukoo mmoja wakiulizwa kila mmoja peke yake, na barua ikapatikana, au kipande cha tiketi, au mwaliko wa harusi aliyokuwa akiiendea, jina hilo litakuwa limethibitishwa vya kutosha. Majina yasiyothibitika yaandikwe pia, ila yatengwe na kuelezwa kwamba ni ya kusimuliwa tu.

Wala si jambo la MV Bukoba peke yake. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa kimejengwa kubeba watu 101, zaidi ya watu 220 walikufa, na kwa mara nyingine idadi ya waliokuwamo haikujulikana kwa uhakika: mkatishaji tiketi alikufa na mashine yake haikuonekana. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita, mashine imechukua nafasi ya daftari, na waliokuja kusema nani alikuwamo ni wale waliokuwa wakisubiri ng'ambo.

Ninapendekeza ukurasa wa Mei ugawanywe. Sehemu moja ibaki ya wasomaji wote kama ilivyozoeleka. Nyingine iwe fomu fupi yenye jina la abiria, alikopandia, anayemtaja ni nani wake, na uthibitisho uliopo, na fomu hiyo isomwe pia katika redio za Bukoba na Mwanza, maana wengi ninaowakusudia hawanunui gazeti. Aliyekuwa na miaka hamsini siku ile sasa yuko karibu na themanini, na pengine atahitaji mjukuu wa kumwandikia. Nafasi ikiwa ndogo, Ndugu Mhariri, zipunguzwe picha za viongozi wakiweka mashada.

Wako,
Msomaji, Mwanza