Barua kwa mwanangu aliyeko Maskati: kisima kimeingia chumvi

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Salamu zako nimezipata, na pesa nimezipata, Mwenyezi Mungu akuzidishie riziki. Baba yako mguu wake unaendelea vizuri, sasa anakwenda msikitini mwenyewe bila kushikwa mkono. Lakini zile pesa bado ziko palepale, sijazigusa, na ndiyo sababu ya barua hii. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Ulisema tuchimbe kisima kirefu, tutie pampu ya umeme, chumvi ituondokee. Najua ulivyoumia niliposema chai ya maji ya kisima chetu hainyweki. Sabuni haitoi povu, mchicha niliopanda nyuma ya jiko umeungua majani, na maji ya kunywa tunanunua kwa dumu. Hicho ni kisima alichochimba babu yako kwa sururu, na wewe ukikivuta kwa ndoo kila asubuhi kabla ya skuli. Wazo lako ni la mtoto mwema, ila halitufai.

Fundi wa maji aliyekuja kutuangalia alinichorea mchangani kwa kijiti. Huku kwetu Jambiani, Unguja, hakuna mto. Chini ya miguu yetu ni mawe ya matumbawe, yana matundu matundu, na mvua ya masika na ya vuli ikinyesha inazama yote. Yale maji matamu ni mepesi, basi yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Tunachoteka ni hicho kiasi kinachoelea tu. Kisha akaniambia neno lililoninyima usingizi: maji matamu yakishuka mita moja kwa juu, chumvi ya chini hupanda kiasi cha mita 40. Sasa niambie, baba, pampu ya kina kirefu ingetuletea nini? Ingeifuata chumvi kulekule iliko. Na kabla haijaifikia, ingekuwa imeshakikausha kisima cha jirani yetu, yule mama aliyekunyonyesha nilipougua, ambacho kina pima tatu tu. Mimi siwezi kuoga kwa maji yake.

Sisemi kwamba kosa ni letu peke yetu. Watafiti walipima matumizi ya maji Kiwengwa, Nungwi na hapa Jambiani, wakatoa matokeo mwaka 2012: kaya ya kijijini ilitumia lita 93 hivi kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano zaidi ya lita 3,000. Chumba kimoja, mwanangu! Wote tunateka kwenye tabaka hilohilo linaloelea. Lakini kwa kuwa mwenye bwawa la kuogelea ana pampu kubwa, ndiyo na mimi nitie kubwa yangu? Tukishindana hivyo, wa kwanza kukosa maji ni yule asiye na mtoto ng'ambo.

Kisima ni nusu ya habari. Nusu ya pili iko pwani, na hii sijawahi kukueleza sawasawa, kwa sababu sikutaka usome huku una wasiwasi wa ada.

Mwani wa biashara ulianza huku Paje na Jambiani mwaka 1989, mbegu zikitoka Ufilipino. Wewe nilikusomesha kwa mwani wa aina ya kotonii. Ndiyo uliokuwa na bei, mnene, mzito, ukijaza gunia upesi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaanza kutufia mikononi. Wakati wa kaskazi, maji yakipwa mchana, yanayobaki juu ya mchanga yanachoma mguu. Ncha za mwani zinageuka nyeupe, unaushika unakatika. Unafunga mbegu kwenye kamba bamvua hili, ukirudi bamvua lijalo kamba ni tupu. Tumebaki na aina nyingine, spinosamu, ambao unavumilia zaidi lakini bei yake ni ndogo. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wametufundisha kuupanda kwenye kina kirefu ambako maji ni baridi zaidi, kwa nyavu zilizoshonwa kama mirija. Njia nzuri, ila inataka chombo na inataka ujue kuogelea, na wengi wetu wanawake wa rika langu hatujui.

Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo moshi wa dunia nzima unalizuia hewani limemezwa na bahari. Nilipoisikia hiyo nilikaa kimya. Mwaka 1998 tuliona matumbawe yamepauka tukafikiri ni ugonjwa wa mwaka mmoja.

Sasa wewe uko mahali palipotutangulia kwenye njia hii. Watu wa pwani ya huko kwako Omani, Batinah, walikuwa na visima na mitende. Wakavuta kwa pampu kupita kiasi mpaka bahari ikaingia mashambani. Leo maji unayokunywa Maskati mengi ni ya bahari yaliyosafishwa chumvi mitamboni. Siyadharau, yanakata kiu yako na ninashukuru. Lakini mitambo inakula nishati nyingi, na chumvi iliyotolewa hurudishwa baharini. Na bahari yenyewe ikichafuka, unakunywa nini? Mwaka 2008 hadi 2009 vijimea vyekundu vilitanda pwani ya huko, samaki wakafa, na mitambo mingine ikabidi izimwe. Hapo ndipo nilipoona kwamba kisima changu na shamba langu la mwani ni jambo moja.

Ila hukohuko kwako kuna kitu nataka uende ukakitazame kwa macho yako kabla hujarudi: falaj. Maji yanaletwa kijijini kwa mfereji yenyewe, bila pampu, na kila mtu ana zamu yake kwa saa. Zamani mchana walizipima kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota. Maji hayo yana msimamizi wake, na kijiji kinakula kile ambacho mlima umetoa, hakizidishi. Waulize wazee wa huko wanafanyaje mwaka wa ukame, nani anapunguziwa kwanza. Utuletee majibu yao, kwa sababu hapa hatujawahi hata kukaa kikao kuhusu visima vyetu.

Basi ombi langu ni hili. Paa letu la bati lina kama mita 80 za mraba. Mvua ya milimita kumi tu ni lita 800, na masika yote tunaiacha ikimwagika uani. Pesa zako zinatosha mifereji ya paa, birika la saruji lenye mfuniko, na mifereji ya paa la jirani pia, birika tulitumie pamoja. Kisima tutakipumzisha, huenda kikarudi.

Fundi anasubiri, maana masika hayako mbali na saruji inataka kukauka kwanza. Nipigie Ijumaa baada ya sala. Maji yatakuwa mafu, sitakuwa pwani.

Mama yako