Kwa nini safari ya Januari inaanzia Tanga na ya Julai inaanzia Bagamoyo

Hili swali tunaulizwa karibu kila wiki, hasa na wateja wetu wa Dar. Jamani, Bagamoyo ni hapo tu kilomita sabini, mbona safari ya baiskeli ya Januari mnatupandisha basi mpaka Tanga ndo tuanze kuendesha kurudi huku? Si tungeanza hapo Bagamoyo tukamalizia Tanga, tukarudi na basi, nauli ni ile ile. Naelewa kabisa kwa nini inaonekana kama tunawazungusha, kwahiyo ngoja nielezee vizuri maana likikosewa hili safari nzima inaharibika na hata uje na baiskeli ya mamilioni haitakusaidia.

Sababu ni upepo. Kuanzia Desemba mpaka kama Machi inavuma kaskazi, inatoka kaskazini mashariki, na ukiangalia ramani utaona Bagamoyo kwenda Saadani, Pangani mpaka Tanga ni kupanda kaskazini karibu moja kwa moja, kama kilomita 250 hivi. Maana yake ukianzia Bagamoyo Januari unakula upepo usoni siku zote nne. Alafu baada ya masika inageuka, inakuja kusi, na Juni mpaka Agosti ndo inakuwa na nguvu kweli, hapo sasa ukianzia Bagamoyo unasukumwa mgongoni hadi unajishangaa kumbe na wewe unaweza kuendesha hivyo.

Sisi tulijifunza hili kwa gharama. Mwaka wetu wa kwanza tulichukua watu sita Februari kutoka Bagamoyo, tulikuwa tumejiandaa kwa kila kitu, tyubu za akiba, cheni, maji, dawa, kasoro hicho kimoja. Siku ya pili mchana tulikuwa tunaenda mwendo wa mtu anayetembea, barabara tambarare kabisa lakini miguu inafanya kazi kama unapanda Lushoto, na dada mmoja akashuka akaanza kusukuma baiskeli, akaniuliza taratibu, "Kaka, huu upepo unaisha saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Tulipofika kwa wavuvi jioni, kitu cha kwanza walichotuuliza ni mbona tunapanda na kaskazi yote hii, kwao lilikuwa jambo la kawaida kabisa ambalo kila mtu analijua. Wale wateja tuliwarudishia nusu ya hela yao na sijutii hata kidogo.

Na ukifikiria, pwani hii yote imejengwa na hesabu hiyo hiyo. Majahazi ya Uarabuni, Uajemi na India yalishuka na kaskazi yakakaa huku kufanya biashara yakisubiri kusi iwarudishe kwao. Mtu akikaa miezi anasubiri upepo, anajenga, anaoa, anazika. Magofu tunayoyapita njiani, Kaole pale na msikiti wake wa karne ya 13, Tongoni na makaburi yake ya nguzo, ni miji iliyoishi kwa pepo hizi.

Tongoni ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye njia nzima na sitachoka kuisema. Iko kama kilomita 17 kusini ya Tanga, ukitoka mapema unafika jua halijawa kali, kuna magofu ya msikiti na makaburi kama arobaini karibu kabisa na bahari. Zamani eneo hilo liliitwa Mtangata. Vasco da Gama alipita maji hayo 1498 akienda kaskazini na merikebu yake mojawapo, São Rafael, ikakwama kwenye mwamba. Ikajinasua, wakafika Malindi, wakapewa nahodha anayejua njia, na kwakuwa upepo ulikuwa umeshageuka wakavuka mpaka India chini ya mwezi mmoja. Sasa kurudi hakusubiri. Aliondoka India Oktoba, kaskazi ilikuwa bado haijakaa sawa, wakahangaika baharini karibu miezi mitatu, watu wakafa kwa kiseyeye wengi mno, mpaka Januari 1499 walipofika tena hapo Mtangata hawakuwa na mabaharia wa kutosha kuendesha merikebu zote, São Rafael ile ile wakaichoma moto pale pale ilipokwama mwaka uliotangulia. Mimi nikisimama pale na baiskeli yangu, maji yametoka, mwamba unaonekana kwa mbali, nawaza tofauti yote ile ilikuwa ni miezi michache tu ya subira.

Kitu kingine kuhusu upepo ni saa. Alfajiri unakuwa umetulia, mida ya saa tano unaanza kuamka na mchana wote unavuma, kwahiyo tunaondoka saa kumi na moja na nusu na tunataka saa nne na nusu tano tuwe tumeshafika tunapolala. Kuna wateja wanalalamika kuamshwa usiku, lakini faida yake unabaki na mchana mzima wa kuangalia mji. Pangani kwa mfano haifai kupitwa mbio. Vita vya kupinga Wajerumani 1888 vilianzia pale, na pale pale Desemba 1889 wakamnyonga Bushiri bin Salim. Utembee ule mtaa wa kando ya mto taratibu, nyumba za zamani zinabomoka moja moja, ule wali wa nazi na samaki, jua likizama ndo utaelewa. Bagamoyo nayo hivyo hivyo, kule misheni kuna mnara ambako mwili wa Livingstone ulilazwa 1874 baada ya akina Chuma na Susi kuubeba kutoka huko bara kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,500, uchovu wako wa siku nne ukiufikisha pale unajikuta umenyamaza.

Saadani hatuendeshi. Tunapakia baiskeli kwenye pickup mpaka tutoke hifadhini. Najua wengine mnataka kupita na baiskeli mpate picha, lakini ni hifadhi ya taifa, kuna simba na tembo, na Wami ina viboko na mamba, kwa hilo hatubembelezwi. Na kule Mkwaja kuna mbung'o, wanafuata sana rangi ya bluu na nyeusi, kwahiyo zile jezi zenu nzuri za bluu ziacheni nyumbani, vaeni kaki au rangi ya mchanga.

Tairi tunatumia pana, na tukifika kwenye mchanga tunazipunguza upepo kidogo zisizame, lami tunajaza tena, pampu zipo. Kuendesha ufukweni inawezekana maji yakitoka na mchanga ukiwa mgumu, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, yakitoka ndo ufukwe unakuwa mpana zaidi, ila chumvi inakula cheni na friwili vibaya sana, ndo maana kila jioni utaona fundi wetu anaosha baiskeli zote kwa maji ya kisima na kupaka oili kabla hajala. Ukija na baiskeli yako mwenyewe mkabidhi naye aioshe, usiseme utaosha kesho, kutu haisubiri.

Aprili na Mei hatuna safari kabisa. Ile njia ya vumbi ikinyeshewa masika udongo mweusi unajaa kwenye magurudumu hadi hayazunguki, na mtu akisisitiza tunamwambia tu asubiri. Oktoba upepo unakuwa umepoa, hapo tunaanzia popote mnapotaka, kundi likiwa la watu wa Tanga wataanzia kwao, maana watu wa Tanga baiskeli ni usafiri wao wa kila siku na mara nyingi ndo wanaotuacha wote nyuma.

Kwahiyo ukitaka Januari au Februari, tunakutana Tanga jioni moja kabla, ulete baiskeli tuikague, tulale mapema. Ukitaka Juni mpaka Agosti tunakutana Bagamoyo. Ukipiga simu tutakuuliza mwezi kwanza kabla ya kukutajia bei.