Barua kwa Mjomba, aliyesikia maji Gedi

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia wazi, kila apitaye asome, kwa sababu tulikucheka wazi. Unaikumbuka ile harusi. Chakula kimeshaandaliwa, watu wameshakaa, kaka akakuchokoza usimulie "ile hadithi ya majini wa Gedi". Ukaanza. Meza nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka hadi nikamwaga sharubati. Ulifika nusu ukanyamaza, ukaomba upitishiwe achari. Miaka sita sasa sijakusikia ukiitaja tena.

Naomba radhi. Nalisema hili mapema ili nikikukera huko mbele, uwe umeshanisamehe.

Maana nitakukera kidogo. Hadithi yako naijua kwa matoleo yake yote, na toleo ninaloliamini ni la kwanza tu. Nilikuwa na miaka saba, stima imepotea, tumekaa barazani. Ulisema ulikuwa kijana wa kuchukua samaki Watamu na kuwapeleka kijiji cha Gede kwa baiskeli. Mwezi wa Ramadhani, jua la saa saba. Mnyororo ukatoka karibu na magofu ya Gedi, ule mji wa kale wa Waswahili, ukaegemeza baiskeli kwenye mbuyu, ukainama kuurudisha. Ukasikia kamba inakwaruza ukingo wa kisima. Ndoo ikagonga jiwe. Maji yakamiminwa, maji mengi, kama mtu anayejaza birika la msikiti. Ulipokwenda kuchungulia, kisima kimekauka, ndani majani matupu. Ukapanda baiskeli ukaenda zako.

Basi. Hakukuwa na jini wala mtoto. Usiku ule sikulala.

Mtoto alikuja baadaye, nadhani Idi ya mwaka uliofuata. Kwanza alikuwa mtoto tu. Halafu akawa na kanzu nyeupe. Halafu akakutazama. Nilipofika sekondari alikuwa ananawa miguu kwa maji ya bakuli la Kichina lenye maua ya buluu. Lile bakuli, Mjomba, lilizaliwa baada ya sisi sote kwenda pale kwenye jumba la makumbusho la Gedi, walikoviweka vyombo vya Kichina vilivyochimbuliwa. Nilikuwa kando yako. Nilikuona ukiviangalia.

Usikasirike. Ngoja nikwambie yaliyonipata mimi, ambayo hata Mama sijamwambia.

Agosti iliyopita nilipeleka wageni wa bara. Tangu UNESCO iuingize mji ule katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, kila anayekuja Malindi anataka kupelekwa. Kiongozi akaanza kwenye lile kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Maelezo yake nayajua kwa moyo, kwa hiyo nikabaki nyuma, nikajipenyeza kwenye nyumba za karibu na jumba la sultani. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948, alizipa majina ya vitu alivyookota ndani yake: mkasi, kauri, kisanduku cha pembe. Ndiyo anwani pekee zilizobaki. Huyo Kirkman naye aliandika kwamba siku zake za mwanzo alihisi kuna kitu au mtu anamchungulia kutoka nyuma ya kuta, si kwa uadui wala kwa urafiki. Mtaalamu wa kupima mawe, na bado aliliandika. Yeye hakuna aliyemwagia sharubati.

Nikasimama uani. Yaliyofuata hayakuzidi muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Usiku huo, saa tatu, niliyaandika kwenye simu kabla sijaongea na yeyote. Nakunakilia yalivyo:

"Gedi, baada ya alasiri. Moshi wa makumbi. Mwanamke anaita jina, si langu. Nilitaka kuitika Abee. Nilihisi nimechelewa. Kima wakagombana, ikaisha."

Yameishia hapo. Sasa nisikilize. Leo nikifumba macho, yule mwanamke namwona. Amesimama mlangoni, mkono kiunoni, amejifunga leso nyekundu yenye korosho pembeni. Namwona kuliko ninavyokiona kiti hiki. Lakini maandishi yangu mwenyewe yanasema nilisikia sauti tu. Na kuna jambo baya zaidi: Gedi ulihamwa katika karne ya 17, na leso zilianza kuvaliwa pwani hii mwishoni mwa karne ya 19. Mwanamke wa Gedi angeitoa wapi leso?

Nimehangaika nayo wiki nzima, nikaipata. Ni ya Bibi. Mamako. Ile aliyopigwa nayo picha mlangoni, iliyotundikwa sebuleni kwako. Kichwa changu kilikuta sauti iko uchi, kikaenda kabatini kikatoa nguo iliyokuwa karibu.

Ndiyo maana nimeanza kuwasoma wenzetu waliopatwa na haya, ya kuona au kusikia wakati usio wao. Wako wengi. Walio mashuhuri kuliko wote ni wanawake wawili Waingereza, Charlotte Anne Moberly, aliyekuwa mkuu wa chuo cha wasichana cha St Hugh's huko Oxford, na mwenzake Eleanor Jourdain. Tarehe 10 Agosti 1901 walikwenda kutembea Versailles, Ufaransa, wakitafuta lile jumba dogo la Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa wa karne ya 18. Wakapotea njia. Wakakutana na wanaume waliovaa makoti ya kijanikijivu na kofia za pembe tatu. Wakamwona mtu kibandani, uso una makovu ya ndui, anawatisha kwa kuwatazama tu. Miti ikawa bapa, kama iliyofumwa kwenye zulia la ukutani, na wote wawili wakaingiwa na huzuni nzito isiyo na sababu. Moberly akamwona mwanamke amekaa kwenye majani anachora. Jourdain alipita pale pale asimwone.

Walikaa kimya wiki nzima. Halafu mmoja, akiwa anaandika barua, akamuuliza mwenziwe: unadhani pale mahali pana mizuka? Akajibiwa ndiyo. Novemba ndipo kila mmoja akaandika alichokumbuka. Baadaye wakaandika maelezo mengine, marefu zaidi, wakatumia miaka wakipekua nyaraka za Ufaransa hadi kila waliyemwona akapata cheo au jina, na yule mwanamke wa kwenye majani akawa Malkia mwenyewe. Mwaka 1911 walichapisha kitabu kwa majina ya kubuni. Vicheko vilivyofuata, Mjomba, vilikuwa vya nchi nzima, achilia mbali vya meza ya harusi.

Waliochambua maandishi yao waliona kitu ninachokiona mimi kwako na kwangu: ya mwanzo ni makavu, mapambo yako kwenye ya baadaye. Wapo wanaosema walikutana tu na watu wa tajiri mmoja wa karibu na pale, Robert de Montesquiou, aliyependa karamu za mavazi ya kale. Huenda. Sijui kwa nini maelezo hayo yananichosha. Na Moberly hakujisaidia: mwaka 1914 alidai amemwona Mfalme Konstantino wa Roma ya kale akipita ndani ya jumba la Louvre huko Paris. Nilipofika hapo hata mimi nilitabasamu, nikakumbuka achari, nikaacha.

Yupo pia rubani wa jeshi la Uingereza, Victor Goddard, ambaye alisema mwaka 1935 aliruka katikati ya dhoruba juu ya uwanja wa ndege wa Drem, Scotland. Uwanja huo ulikuwa umeachwa, unalishiwa ng'ombe. Yeye akauona umekarabatiwa, ndege za manjano zimepangwa, mafundi wamevaa buluu, rangi ambazo kikosi chao kilikuwa hakijaanza kuzitumia. Yeye aliteleza kwenda wakati wa mbele badala ya wa nyuma. Lakini alisimulia miaka mingi baadaye, na mimi siku hizi mtu akiniambia "miaka mingi baadaye" namuuliza kwanza kama aliandika siku ile.

Kilichonifanya niandike barua hii si hao wote. Ni jaribio dogo la mwaka 1974 la mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus. Aliwaonyesha watu filamu ya magari yanagongana. Baadhi akawauliza magari yalikuwa na kasi gani "yalipogongana", wengine akawauliza "yalipopondana". Wiki moja baadaye akawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Walioulizwa kwa neno zito ndio waliosema zaidi kwamba waliviona. Kwenye filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika. Hawakusema uongo. Swali ndilo lililovunja kioo.

Nikakumbuka baraza letu. Wewe ulisema kamba, ndoo, maji. Aliyeuliza "nani alikuwa anateka?" ni mimi, miaka saba. Aliyeuliza "alivaa nini?" ni Mama. "Alikuona?" ni kaka, na alipiga kelele kama anatangaza mpira. Kila ulipojaribu kusema hukuona mtu, tulikunja nyuso, kwa hiyo siku moja ukatupa mtoto tutulie. Kanzu ile tulimvisha sisi. Halafu tulipokua tukamcheka mtoto wetu wenyewe.

Najua walio na maelezo mepesi. Binamu yangu daktari anasema ulikuwa umefunga, kichwa kimepigwa na jua, na mwenye kiu husikia maji. Anasema pia kwamba Wilder Penfield, mpasuaji wa ubongo huko Montreal, alikuwa akigusa kwa umeme mdogo sehemu ya ubongo iliyo karibu na sikio, mgonjwa akiwa macho, na baadhi walisikia muziki au sauti za watu wao wa zamani kana kwamba wako chumbani. Yaani mlango upo, ndani ya fuvu, na unaweza kufunguka wenyewe. Hilo nakubali. Lakini ulishawahi kumjibu, sijui kama unakumbuka: "Kiu nimefunga nayo miaka hamsini, mbona maji niliyasikia siku moja?" Hajapata jibu hadi leo. Anabadilisha mazungumzo.

Na liko jambo ambalo hukuwa unalijua, nami sikulijua hadi juzi. Mojawapo ya sababu zinazotajwa za watu kuuhama mji wa Gedi ni maji. Visima vilikuwa vinapungukiwa, vikachimbwa zaidi chini kuyafuata. Mji wenye mifereji na mabirika, uliokuwa kilomita 15 hivi kutoka Malindi na bado Wareno waliokaa Malindi hawakuuandika popote, ukamalizwa na ndoo inayopanda ikiwa tupu. Wewe ulisikia ndoo iliyojaa. Sitaki kulifanyia kitu hili. Naliweka hapa tu.

Ulinifundisha mwenyewe habari za watu wa pangoni katika Qurani, Ijumaa baada ya Ijumaa. Wameamka, wanaulizana wamekaa muda gani, wanajibizana siku moja au sehemu ya siku, kumbe ni miaka mia tatu na tisa. Nilikuwa nakuuliza walijuaje. Ulinambia ni ile fedha waliyomtuma nayo mwenzao mjini kununua chakula, muuzaji akaitazama akashangaa. Wao walikuwa na fedha mkononi. Mimi nina mistari miwili mitatu kwenye simu. Wewe una sauti, na sisi tumeipakia mizigo hadi haitambuliki.

Kwa hiyo nakuomba jambo. Jumamosi ijayo nitakuwa Gede kabla ya adhuhuri. Nitakuja na daftari, ndizi za kima, na mkate wa mofa aliouagiza mke wako. Tukae pale pale kwenye mbuyu ikiwa magoti yanakubali, kama hayakubali tukae kwako. Usimulie mara moja, nami niandike. Sitakuuliza nani. Sitakuuliza alivaa nini. Ukinyamaza, nami nitanyamaza. Mtoto wa kanzu ukimtaka abaki, atabaki, lakini nitamwandika ukurasa wa pili.

Yule mwanamke wa uani nimeamua kutomvua leso. Naomba tu ile picha ya Bibi uniazime, nikaitazame vizuri, maana sikumbuki kama kwenye picha mkono wake uko kiunoni au huo nao nimeuongeza.

Mpwa wako,
wa Malindi