Stika zangu nne ziko wapi?

Kwa Meneja,
Idara ya Uokoaji wa Data.

Ndugu Meneja,

YAH: KUHARIBIWA KWA DISKI NILIZOWAKABIDHI ZIKIWA BADO ZINAOKOLEKA

Salamu. Taratibu zenu mnazijua, mmezibandika wenyewe ukutani pale mapokezi, kwa hiyo sitawasomea. Naanza na Alhamisi.

Alhamisi nilifika kaunta na risiti yangu mkononi. Fundi akatoa diski zangu nne ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, zinagongana kama vikombe vya chai. Stika nilizobandika, 1 mpaka 4, zilikuwa zimebanduliwa zote. Nikauliza kimepatikana nini. Akajibu macho yakiwa kwenye simu yake: "Haijasoma. Lakini mama, hizo picha si utapiga nyingine tu?"

Nilinyamaza. Msiudhanie ukimya ule kuwa ni kuridhika.

Diski hizo zilikuwa safu moja ndani ya seva yangu, ya aina ya RAID 5, yaani data inagawanywa vipande kwenye diski zote pamoja na taarifa ya kufidia diski moja ikifa: diski nne za terabaiti 4 kila moja. Ikifa moja, seva inaendelea. Zikitoka mbili, inasimama. Diski namba 3 ilikufa kweli, ilikuwa ikigonga tu. Namba 2 ilikuwa na sekta chache mbovu, yaani sehemu ndogondogo za kuhifadhia data, seva ikaitoa kwenye safu, lakini ilikuwa inasomeka. Basi njia ilikuwepo: kila diski inayosomeka inakiliwe sekta kwa sekta, zile halisi zifungiwe kabatini, safu iunganishwe kutoka kwenye nakala kwa mpangilio uleule, iliyokufa iachwe nje. Haya siwafundishi kazi, niliyaandika kwenye fomu yenu. Tena kwa herufi kubwa: MSIANDIKE CHOCHOTE KWENYE DISKI HALISI. Aliyeipokea aligonga muhuri juu ya maneno hayohayo.

Karatasi ya kazi mliyoibana pamoja na risiti inasema mlichofanya. Hakuna nakala hata moja. Diski zilichomekwa bila kufuata namba, safu mpya ikaundwa juu yake, kisha ikaendeshwa programu ya kukarabati mfumo wa faili, ule unaoonyesha kila faili iko wapi. Kukarabati nini, wakati vipande vimechanganywa? Programu hiyo ikikuta mpangilio uliovurugika haijui kwamba ni diski zilizopishana. Inaona makosa, na inayasahihisha kwa kufuta na kuandika. Ilisahihisha usiku kucha. Kilichonusurika diski ilipokufa hakikunusurika mikononi mwenu.

Na hiyo ilikuwa Jumamosi! Jumatatu nilipopiga simu niliambiwa, "Diski zako zipo salama, bado hatujazigusa." Siku mbili baada ya kuziharibu.

Najua mtaniuliza bekapu iko wapi. Sina, na RAID si bekapu, nimekubali kosa langu. Lakini mtu aliyeanguka kisimani hatupiwi jiwe na yule aliyemlipa amletee kamba.

Narudi kaunta, maana halinitoki. Kulikuwa na wateja watatu nyuma yangu. Fundi akasema "utapiga nyingine," na mwenzake aliyekuwa kwenye kompyuta ya pembeni akacheka. Alicheka, Ndugu Meneja. Aliyemo kwenye picha zile ni mama yangu, na tumeshamzika. Sauti yake ya mwisho ilikuwa humo, ananiagiza nisisahau kumwagilia mchicha. Mniambie nampiga picha nyingine vipi. Nikachukua mfuko wangu nikatoka, na mlangoni nikaombwa nisaini kuwa nimeridhika na huduma.

Nilipokaa kuandika nilitaka nirudishiwe ada ya uchunguzi, basi. Sasa haitoshi. Nataka ada yote. Nataka maelezo ya maandishi ya kila amri iliyoendeshwa, saa yake, na diski ipi ilichomekwa wapi. Na nataka mlipe gharama za maabara nyingine itakayojaribu kuokoa mlichobakiza. Nataka pia msamaha wa huyo fundi, kwa mdomo wake, mbele ya aliyecheka. Msinitumie vocha ya punguzo.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nakwenda kwenye mamlaka ya kulinda walaji, na kutoka hapo mahakamani, nikiwa na fomu yenye muhuri wenu juu ya onyo langu. Kumbukumbu za kompyuta za Jumamosi ile zisifutwe. Zikifutwa, hilo nalo litakuwa shauri.

Diski sijaziwasha tena na sitaziwasha. Stika zangu, kama hazijafagiliwa, nizikute mapokezi.

Mteja wenu,
mwenye risiti iliyoambatanishwa.

Nakala: Mwanasheria wangu.