Siku 21 hazitoshi, somo

Mikindani, Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, mvua imekatika na mikorosho imeanza kutoa maua. Nisalimie wa nyumbani wote, Mama Zuhura wa kwanza. Najua barua yako imekaa wiki tatu bila jibu na umeshanung'unika kwa shemeji. Jambo lako halikufaa simu ya dakika mbili, na mkutano wa kijiji bado haujafika, alhamdulillah.

Rasimu ya sheria ndogo ya mifugo ya kijiji chenu, uliyoniomba niipitie, nimeisoma mara tatu. Vifungu vya maji na njia za kupitishia mifugo viache vilivyo. Kinachoninyima usingizi ni cha nne: "Ng'ombe wageni wanaoshukiwa kuwa na homa ya mapafu watatengwa siku 21, kama ilivyokuwa enzi ya mkoloni." Kifute hicho, somo. Kikipita, mtakuwa mnawafungulia mlango ng'ombe wagonjwa huku mna karatasi yenye mhuri mkononi.

Mzee aliyewapa hesabu hiyo hakudanganya. Yeye anakumbuka sotoka, ule ugonjwa wa virusi uliomaliza ng'ombe zamani, na kwa sotoka siku 21 zina maana. Ng'ombe akiambukizwa, kwa kawaida ndani ya siku 3 hadi 15 joto limeshapanda. Machozi na makamasi yanatiririka, kinywa kina vidonda vinavyonuka, kisha anaharisha maji yenye damu. Siku chache baadaye ama amekufa ama amepona. Akipona amepona kweli: habebi tena ugonjwa, na kinga anayo maisha yake yote. Virusi vyenyewe nje ya mnyama havidumu, jua linaviua upesi. Ugonjwa wa tabia hiyo ukiufungia njia hukosa pa kwenda.

Hata hivyo walipata tabu nao. Ulipoingia huku kwetu 1890 na 1891 haukukuta kinga yoyote, na Wamasai walibaki bila mifugo wala chakula. Wajerumani wakaja kujenga maabara ya mifugo Mpwapwa mwaka 1905. Njia iliyotumika kwa miaka mingi ilikuwa ya sindano mbili: upande mmoja wa mwili damu ya ng'ombe mwenye sotoka, upande wa pili seramu, yaani maji ya damu yenye kinga, ya ng'ombe aliyepona na kuzidishiwa virusi hadi kinga yake ikawa kali. Seramu ikiwa pungufu, ulichochoma ni sotoka yenyewe. Na damu ile haikubeba sotoka peke yake. Ilihamisha pia magonjwa ya kupe kama ndigana baridi na mkojo mwekundu, hata nagana ya mbung'o. Baadaye ikaja chanjo ya virusi vilivyopitishwa kwenye mbuzi, rahisi zaidi. Sotoka iliposhuka kusini mwishoni mwa miaka ya 1930, wakachanja kwa wingi na kujenga uzio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ili wanyamapori wasiivushe kwenda nchi za kusini. Chanjo iliyomaliza kazi ni ya Plowright, daktari wa mifugo Mwingereza, aliyoitengeneza Muguga, Kenya, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kuwa sotoka imekwisha. Kwa hiyo siku 21 mnazotaka kuziandika ni za ugonjwa ambao haupo tena!

Homa ya mapafu ni kitu kingine kabisa. Kuanzia kuambukizwa hadi dalili kuonekana inaweza kupita wiki 3, inaweza kupita miezi 6. Siku ya 21 unamtazama ng'ombe anakula vizuri, unamwachia, naye bado hajaanza hata kukohoa. Na hilo si baya kuliko yote. Baya ni yule anayeonekana kupona. Ndani ya pafu lake linabaki bonge la nyama iliyokufa, limezungukwa na ukuta mgumu, na vimelea hai vimo ndani kwa miezi. Ananenepa, anauzika. Siku akichoka kwa safari, njaa au nagana, ukuta unaweza kupasuka akaanza kuvipumua tena kwa wenzake kwenye zizi la usiku. Sasa fikiria wafugaji walioletwa Lindi kutoka Usangu mwaka 2006 na 2007, mwendo ule wote, kisha wakapokelewa na mbung'o.

Waambie vijana wako dalili za kutazama: kikohozi kikavu ng'ombe anapoinuka asubuhi au anapokunywa maji, shingo imenyooshwa mbele, viwiko vya miguu ya mbele vimetanuliwa nje, anaguna anapotoa pumzi. Machinjioni wafungue kifua. Mara nyingi pafu moja tu ndilo limeharibika, gumu, lina mabaka kama marumaru, limefunikwa utando wa manjano kama kimanda cha yai, na kifuani mna maji ya manjano ya kujaza ndoo. Binadamu haambukizwi, mapafu yatupwe.

Kwa ugonjwa huu wakoloni walihangaika kwelikweli. Njia kongwe ilikuwa ya Willems, Mbelgiji, tangu 1852: wanachukua maji ya kifua cha ng'ombe mgonjwa na kuyachoma ncha ya mkia wa mzima. Ncha ya mkia kwa sababu ina ubaridi na nyama kidogo, uvimbe hauwi mkubwa. Hata hivyo wengine mkia ulioza ukakatika, na uvimbe ukipanda hadi kiunoni ng'ombe alikufa. Chanjo inayotumika mpaka leo, T1/44, asili yake ni hapa hapa Tanganyika: aina ya kimelea kilichopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1950, kikapitishwa kwenye mayai mara 44 hadi kikapoa. Kwa chanjo, karantini na ukaguzi machinjioni, nchi ikausafisha ugonjwa mwaka 1964. Ukarudi 1990.

Chanjo hiyo ni hai, somo, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Ikae kwenye barafu, kivulini. Ikishachanganywa itumike palepale, inayobaki itupwe, isiwekwe akiba ya kesho. Irudiwe kila mwaka. Na ng'ombe aliyechomwa oksitetra, ile dawa ya kuua bakteria, juzi usimchanje leo, wala usimchome siku chache baada ya chanjo, kwa sababu dawa inakiua kimelea cha chanjo kabla hakijajenga kinga. Utakuwa umeandika kwenye daftari ng'ombe 200 wamechanjwa, nao hawana kitu.

Nirudi kwenye kifungu. Usiweke idadi ya siku. Andika kuwa kundi lote linafungwa, si ng'ombe mmoja mmoja, maana kipimo cha damu kinaaminika kwa kusoma kundi. Yule mwenye bonge la zamani peke yake kinaweza kumpita. Muda uhesabiwe kwa miezi kuanzia mgonjwa wa mwisho kuonekana. Malisho, maji na zizi vyote mbali. Mjue pia kwamba kutangaza karantini ni kazi ya mamlaka chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Kijiji kinatoa taarifa na kusimamia, hakitangazi chake.

Na acheni mlango mmoja wazi: ng'ombe kutoka kundi lililofungwa aruhusiwe kwenda machinjioni moja kwa moja kwa kibali. Kosa kubwa la wakati ule lilikuwa hapo. Kule Kenya hifadhi ya Wamasai ilikaa chini ya karantini miaka kwa miaka, soko limefungwa huku walowezi wakiuza wao. Mtu asiyeweza kuuza mchana atauza usiku, na ng'ombe wa usiku hana kibali, hana chanjo, hajulikani anatoka zizi gani. Wenzetu wafugaji ukiwafungia bila njia ya kupata hela ya shule na dawa, watakuficha kikohozi, na mimi sitawalaumu.

Ile fomu ya kibali uliyoambatanisha… nitakuandikia mbali, ina matatizo yake.

Sasa niambie. Hao ng'ombe wa upande wa Liwale wanakohoa wangapi, na tangu lini? Kuna aliyekufa akapasuliwa, au walimla tu? Nani amewachoma oksitetra, na siku gani? Bwana mifugo wa kata ana sanduku la barafu linalofaa au lile lililopasuka kifuniko? Yule mzee wa Mtama atakuja kwenye mkutano? Na wafugaji wenyewe mmewaita, au mnawaandikia sheria hawapo? Nijibu kabla ya Ijumaa, kijana wa basi anapita hapa alfajiri.

Wako,
Somo